Kuzalisha sungura: pandisha siku moja na jirani yako

Naishi Tengeru, mkoani Arusha, na nafuga sungura kwenye banda la mabanzi nyuma ya nyumba. Leo nina majike 12 na madume 2. Mwaka wa kwanza nilifuga peke yangu, na uzao wa kwanza ulikufa wote. Wa pili ulikufa nusu. Mambo yalianza kunyooka siku nilipokwenda kwa wafugaji wengine nikaomba waniruhusu kutia mkono kwenye matundu yao. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii dukani.

Hatua ya 1: Pata wafugaji wenzako kabla ya kupata sungura

Tafuta wawili au watatu, wasiwe mbali zaidi ya nusu saa kwa pikipiki. Sababu ya hiyo nusu saa utaiona kwenye hatua ya 7. Sisi tuko wanne: mimi, mzee mmoja wa Usa River, dada mmoja wa Maji ya Chai, na kijana wa hapa hapa Tengeru. Nenda asubuhi wanapolisha, ukae, usaidie kufagia. Ziara ya kwanza usinunue chochote.

Jambo la kwanza kujifunza ni kumshika sungura. Masikio si mpini. Mkono mmoja ushike ngozi ya mabegani, mwingine ubebe makalio, kisha umbane kifuani kwako. Akiachiwa arushe miguu ya nyuma hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo, na huyo hatibiki.

Hatua ya 2: Banda

Tundu la jike anayezaa liwe na urefu wa sm 90, upana wa sm 60 na kimo cha sm 45 hivi. Sakafu iwe ya wavu wa nusu inchi kwa inchi moja, ili kinyesi kidondoke chini. Weka na kipande cha ubao apumzishie miguu, maana waya mtupu huleta vidonda vya nyayo. Kila sungura mkubwa awe na tundu lake. Upepo upite, ila usimpige moja kwa moja, na mvua isimfikie.

Miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye oili chafu. Siafu wakipanda usiku kwenye tundu lenye watoto, asubuhi unakuta mifupa. Kila Jumapili nakagua makopo, kwa sababu jani moja tu likiangukia kopo na kuegemea mguu wa banda, limekuwa daraja.

Hatua ya 3: Chagua mbegu

Kwa anayeanza nashauri New Zealand nyeupe, au California mwenye masikio, pua, miguu na mkia vyeusi. Flemish Giant anavutia kwa ukubwa, lakini anakula sana na uzito wake unamuumiza miguu kwenye waya. Muache kwanza.

Nunua majike kwa mfugaji mmoja na dume kwa mwingine, wasije wakawa ndugu. Mwombe muuzaji kadi za uzazi: tarehe ya kupandishwa, idadi ya waliozaliwa, idadi ya walioachishwa kunyonya. Asiye na kadi anakuuzia sura tu. Kisha kagua mwenyewe. Masikio ndani yawe safi, bila magamba ya ukurutu. Meno ya juu yafunike kidogo ya chini. Tazama pia manyoya ya ndani ya miguu ya mbele: yakiwa yameshikana na kukauka, sungura huyo ana mafua na anajifutia pua hapo, hata kama muuzaji amemsafisha uso.

Hatua ya 4: Chakula na maji

Msingi ni majani na nyasi kavu, halafu peleti (chakula cha dukani kilichosindikwa kuwa vidonge) au pumba kama nyongeza. Mkubwa asiye na mimba namwekea gramu 100 hadi 150 za peleti kwa siku. Anayenyonyesha namwongezea hadi ashibe. Majani ninayotumia ni matete, mashona nguo, mchunga, majani ya viazi vitamu na ya karoti. Usimpe majani ya nyanya, ya viazi mviringo, ya parachichi wala ya mihogo mibichi.

Majani yenye umande usiyapeleke bandani. Nakata jana jioni ya kulisha leo, nayatandaza chini ya paa yanyauke. Sungura hawezi kutapika wala kucheua, hivyo gesi ikijaa tumboni haina njia rahisi ya kutoka. Maji yawepo saa zote. Jike mwenye watoto anaweza kumaliza lita moja kwa siku na zaidi.

Ukimwona alfajiri anainamisha kichwa na kula kinyesi laini kinachotoka mwilini mwake, usimzuie. Hicho ni chakula anachokipitisha mara ya pili, na bila hicho afya yake inadhoofu.

Hatua ya 5: Kupandisha

Jike awe na miezi 6 na kilo 3 hivi. Dume umri huo au kidogo zaidi. Mgeuze jike taratibu uangalie uke. Ukiwa mwekundu au unaelekea zambarau, yuko tayari. Ukiwa umepauka, subiri siku mbili tatu.

Mpeleke jike kwenye tundu la dume. Ukimwingiza dume kwa jike, jike anaona amevamiwa nyumbani kwake na anaweza kumjeruhi vibaya. Baki hapo uangalie. Dume akimaliza huanguka ubavu, pengine kwa mlio mfupi, na shughuli nzima haizidi dakika chache. Jike wa sungura hana mzunguko wa kusubiri joto kama ng'ombe. Mayai yake hutoka kama saa 10 baada ya kupandwa. Kwa hiyo mzee wa Usa River alinifundisha kumrudisha kwa dume yule yule saa 6 hadi 8 baadaye, siku ile ile, na kwenye kadi zangu naona uzao umekuwa mkubwa tangu nianze hivyo. Joto likizidi nyuzi 30, dume hupungukiwa nguvu za mbegu kwa wiki kadhaa. Januari na Februari napandisha alfajiri tu.

Sasa lililo kubwa kuliko yote humu. Usipandishe jike mmoja peke yake. Pigia wenzako simu, kubalianeni tarehe, majike wawili au zaidi wapandwe siku moja kwenye mabanda tofauti. Sisi tumeandika tarehe kwenye ubao, kila mmoja nyumbani kwake. Mfano wa jike aliyepandwa tarehe 1 Machi: kumpapasa tarehe 13, kumwekea kiota tarehe 29, kuzaa tarehe 1 Aprili. Mimba ni siku 31, na siku moja mbele au nyuma si tatizo.

Hatua ya 6: Kupapasa mimba

Hili hulipati kwa kusoma, nakuomba uniamini. Nilijaribu miezi mitatu kila mara nikakosea. Halafu mzee akatandika gunia juu ya meza, akamweka jike kichwa kikinielekea, akaniambia nishike ngozi ya mabegani kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia aliupitisha chini ya tumbo, karibu na nyonga, kidole gumba upande huu na vinne upande ule. Vidole vyake akaviweka juu ya vyangu. "Usiminye, mwanangu. Teleza kama unatafuta sarafu kwenye unga."

Nikazipata. Mimba ya siku 12 ni kama zabibu zilizofuatana, laini na zenye maji ndani, zinakimbia ukizigusa. Vidonge vya kinyesi ni vidogo na vigumu, navyo viko juu zaidi, karibu na uti wa mgongo. Alinipapasisha majike watatu wenye mimba na mmoja asiye nayo, mfululizo, hadi nikaweza kusema bila kukisia. Omba mwenzako akufanyie hivyo hivyo. Fanya kati ya siku ya 10 na ya 14, baada ya hapo muache jike apumzike. Asiye na mimba mrudishe kwa dume.

Hatua ya 7: Kiota, kuzaa na kuhamisha watoto

Siku ya 28 weka kiota: boksi la mbao la sm 45 kwa 30, kimo sm 30, ukuta wa mbele umepunguzwa hadi sm 15 ili jike aingie bila kurukia watoto. Chini tandaza maranda, juu nyasi kavu. Jike mwenyewe atanyofoa manyoya ya tumboni na kuyatandika. Uzao wangu wa kwanza nilihesabu vibaya, kiota hakikuwepo. Watoto 7 walizaliwa juu ya waya, usiku wa Julai, na baridi ya Meru ikawachukua. Tangu hapo siweki tarehe kichwani.

Asubuhi baada ya kuzaa, nawa mikono, mpe jike majani ili ashughulike, kisha kagua. Ondoa waliokufa, hesabu walio hai. Mama hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika 3 hadi 5, na saa nyingine zote anakaa mbali na kiota. Wengi hudhani amewatupa. Dada wa Maji ya Chai alinionyesha pa kutazama: mwinue mtoto mmoja kwenye kiganja, ulielekeze tumbo lake kwenye mwanga. Aliyeshiba tumbo ni duara kama ngoma, na maziwa unayaona meupe kupitia ngozi. Aliyekosa ana mikunjo kiunoni. Aliyepoa mpashe joto viganjani kwanza, kwa sababu mtoto wa baridi hana nguvu ya kunyonya.

Ndipo faida ya kupandisha siku moja inapoonekana. Mwaka juzi jike mmoja hapa kwangu alizaa watoto 11, na chuchu zake ni 8. Usiku huo huo jike wa Usa River alizaa 4. Saa 12 asubuhi nilichukua kapu, nikaweka manyoya ya kiota, nikawatoa wanne wenye nguvu zaidi, nikawafunika kwa manyoya mengine na kitambaa, nikapanda pikipiki nikiwa nimelikumbatia kapu ndani ya koti. Mzee alikuwa ameshamtoa jike wake nje na kumpa majani ya viazi. Tuliwaweka wageni katikati ya wenyeji, tukawasugua wote kwa manyoya ya mama mlezi, tukawaacha nusu saa harufu ichanganyike. Aliporudishwa, jike alinusa kiota, akaingia, akanyonyesha. Wote 4 walikua. Wale 7 niliobaki nao nao walikua, na nina hakika wangebaki 11 ningezika kadhaa.

Tofauti ya umri kati ya wageni na wenyeji isizidi siku 3. Watie alama sikioni kwa kalamu ya wino na uirudie kila inapofifia. Malipo mkubaliane mapema. Kwetu mlezi anabaki na mmoja kati ya kila wanne. Njia hii pia imetuokolea watoto ambao mama yao alikufa au alikosa maziwa.

Hatua ya 8: Kuachisha na kuangalia afya

Macho hufunguka siku ya 10 hadi 12. Kiota natoa siku ya 20 hivi. Kunyonya nawaachisha wakiwa na siku 35 hadi 42, na ninayemhamisha ni mama; watoto wanabaki kwenye tundu walilolizoea kwa wiki nzima. Baada ya hapo mama anapandishwa tena. Kwa mpangilio huu jike huzaa mara 5 kwa mwaka, na mimi sivuki hapo. Wakifika miezi 3 tenganisha madume na majike.

Wiki mbili baada ya kuachishwa ndizo za vifo. Tumbo kujaa na kuhara mara nyingi ni koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo unaotokana na kinyesi kugusa chakula. Safisha, majani yaning'inizwe yasilale sakafuni, na umuulize afisa mifugo kipimo cha dawa ya salfa au amproliamu. Ukurutu wa masikio unatibika kwa ivamektini ya kuchoma chini ya ngozi, naye akupimie dozi. Ila vidonge vya amoksilini vya binadamu usimpe kamwe. Dawa za jamii ya penisilini zikimezwa na sungura huua bakteria wanaomsagia chakula, na hufa kwa kuhara. Kijana mwenzetu alipoteza majike wawili hivyo, kwa ushauri wa muuzaji wa dawa aliyezoea kuku, na alituita wote siku ile ile kutuambia, ili asipotee mwingine.

Hatua ya 9: Kubadilishana madume

Baada ya vizazi viwili, majike wengi bandani watakuwa mabinti wa dume wako. Usimpandishe binti kwa baba. Sisi tunabadilishana madume kila mwaka. Dume mgeni anakaa wiki 3 kwenye tundu lililo mbali na wengine, analishwa wa mwisho, na masikio na pua vinakaguliwa kabla hajakutana na jike. Kadi yake inasafiri naye.

Wangu mmoja yuko Maji ya Chai tangu mwezi uliopita, na wa dada yule anamaliza wiki ya tatu hapa kwangu. Jumamosi alfajiri anapewa majike wawili wa kwanza. Mzee wa Usa River anapandisha watatu asubuhi hiyo hiyo, na kwenye mbao zetu nne siku ya kuweka viota imeshaandikwa.