Kabla ya kufunga Wi-Fi ya vyumbani

Ukipewa kazi ya kuweka Wi-Fi kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, usikubali kufunga vifaa vya kurusha mawimbi ya Wi-Fi (access point) kwenye korido peke yake. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene mno, na mawimbi ya Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz yakishapita hapo hubaki hafifu sana. Weka kifaa ndani ya chumba, kile kidogo cha kufunga ukutani, kisha kipunguze nguvu kisije kikasumbua cha chumba cha jirani. Kwenye 2.4 GHz, masafa mengine ya Wi-Fi, tumia chaneli (njia za mawimbi) 1, 6 na 11 tu, na vyumba vinavyopakana, hata cha juu na cha chini, visipewe chaneli moja.

Waya wa mtandao upange mapema, kabla fundi hajapiga lipu. Kila chumba kiwe na wake hadi kwenye swichi ya PoE (inayopeleka data na umeme kwa waya huohuo), usizidi mita 100, ukihesabu na pale unapopanda na kushuka ukutani. Na tafadhali, kifaa kisikae nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati la nguo. Anza na kimoja cha majaribio, funga mlango, upime ukiwa kitandani, maana huko ndiko mgeni anakotumia simu.