Kufufua mashine ya zamani ya kukatia nyasi

Mashine niliyoletewa hapa Jinja ilikaa stoo miaka mingi, silinda ya visu imeganda kwa kutu. Jamani, msiziuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu! Asili yake ni Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, mwaka 1830. Wazo alilitoa kwenye mashine ya kiwandani ya kunyolea manyoya ya vitambaa.

Imwagie dizeli kwenye ekseli na beringi, ilale hivyo usiku kucha. Usigonge kwa nyundo: chuma cha kumiminwa kwenye kalibu hupasuka, na kukichomelea hata mafundi vyuma wa Katwe, Kampala, hutoka jasho. Asubuhi sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha msasa, utie grisi mpya.

Kazi yenyewe ni kunoa. Vaa glavu, paka visu pesti ya kusagia valvu (ile yenye chembechembe za kunoa), zungusha silinda kinyumenyume taratibu mpaka makali yote yang'ae. Futa pesti yote. Halafu kaza skrubu za kisu cha chini, kile kisichozunguka, kidogokidogo, kushoto na kulia sawa, huku ukijaribu kwa kipande cha gazeti. Kikikatika safi mwanzo hadi mwisho wa kisu, acha hapo hapo. Utasikia mlio mwembamba, kama mkasi wa fundi cherehani.