Kuchuja kweli na uzushi katika visa vya kale vya Kikristo

Mtoto aliyepita chuo cha Kurani, Unguja au Pemba, analijua swali la kwanza la kuulizwa kila habari ya kale: imepokewa kwa nani? Swali hilo hilo ndilo chekeche la visa vya Ukristo wa zama za kati vinavyozunguka kwenye simu zetu: papa mwanamke, hazina ya Watemplari (watawa wapiganaji wa vita vya msalaba), sanda ya Yesu. Kilatini si lazima. Tafuta karatasi na kalamu, na usimtumie mtu kitu mpaka umalize.

Anza kwa kukiandika kisa kwa sentensi moja yenye mtu, mahali na mwaka. "Kanisa lilificha siri" halina pa kushikwa. "Mwanamke aitwaye Yohana alikuwa papa Roma kuanzia 855" linapimika. Video nyingi hufia hapa hapa, kwani mwaka hazitaji.

Kisha andika miaka miwili, wa tukio na wa shahidi wa kwanza aliyeliandika, utoe. Papa mwanamke anaonekana kwanza kwa Jean de Mailly, mtawa wa Kidominiko, karibu mwaka 1250. Lakini kwake hana jina, na anawekwa karibu 1099! Ni katika nakala za kitabu cha historia cha Martin wa Opava, miongo michache baadaye, ndipo anapopewa jina, anarudishwa 855, na utawala wake unahesabiwa: miaka 2, miezi 7 na siku 4. Kisa kinachozidi kunenepa kila kikipokewa, kitilie shaka. Mpokezi wa mbali hawezi kujua siku ambazo wa karibu hakuzijua.

Pengo la miaka 400 peke yake halikati hukumu, kwa hiyo tafuta kitu kilichotengenezwa wakati ule ule. Papa Leo wa 4 alifariki Julai 855. Zipo sarafu zinazomtaja Papa Benedikto wa 3 pamoja na Kaisari Lothar, na Lothar alikufa Septemba mwaka huo huo. Basi Benedikto alishakubaliwa kuwa papa ndani ya miezi ile michache, na Yohana hana pa kukaa.

Kwa waraka, soma msamiati kabla ya ujumbe. Waraka wa Konstantino, ambao ulidai kuwa kaisari huyo wa karne ya 4 alimkabidhi papa mamlaka ya Roma na nchi za magharibi, uliumbuliwa na Lorenzo Valla mwaka 1440. Alionyesha kuwa Kilatini chake si cha enzi ile, na kwamba unawataja "masatrapi" miongoni mwa wakuu wa Roma, cheo cha magavana wa Kiajemi ambacho Roma haikuwa nacho. Ni sawa na barua ya Seyyid Said, aliyefariki 1856, ikataja Jamhuri ya Muungano. Jiulize pia nani alifaidika nao. Hapa jibu halifichiki.

Wengi huteleza kwa kuchanganya ukongwe na ukweli. Waraka ule ni mkongwe kweli, wa karne ya 8 hivi, na bado ni wa kughushi. Hali kadhalika barua ya Prester John, mfalme Mkristo wa kubuni, iliyoenea Ulaya karibu 1165. Uzushi huo ulifika hadi pwani yetu: mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama waliambiwa huko Msumbiji kuwa Prester John hayuko mbali, wakalia kwa furaha. Kwamba walilia ni habari ya kweli. Mfalme mwenyewe hakuwepo.

Kitu kimoja kinaweza pia kuwa na umri zaidi ya mmoja. Nenda Kizimkazi Dimbani ukautazame msikiti. Maandishi ya kibla yana mwaka 500 Hijria. Zidisha kwa 0.97, ongeza 622, unapata 1107. Ila sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18. Papasi wa watalii akikwambia kuta zote ni za 1107, amechukua umri wa jiwe akaupa nyumba. Masalia ya watakatifu yapime hivyo hivyo: sanduku mbali, mfupa mbali, jina mbali.

Wala usitishwe na "ipo maktaba ya taifa". Hati za Prieuré de Sion, chama kilichodaiwa kuwa cha siri na cha kale, ziliwekwa kweli katika maktaba ya taifa ya Ufaransa miaka ya 1960, na zilikuwa za kubuni; chama chenyewe kilisajiliwa 1956. Maktaba hupokea karatasi, haizitolei ushahidi.

Ukiandika hukumu, itenge vipande. Kwa sanda ya Turin, inayodaiwa kuwa ya Yesu: kitambaa kipo, kina picha ya mtu, urefu wake kama mita 4.4. Habari zake za hakika zinaanzia Lirey, Ufaransa, miaka ya 1350. Mwaka 1389 Askofu Pierre d'Arcis aliandika kuwa ni kazi ya mchoraji. Mwaka 1988 maabara 3 zilipima umri wake kwa kaboni zikapata kati ya 1260 na 1390. Wapinzani hudai kipande kilichokatwa pembeni ili kipimwe kilikuwa na kiraka. Jinsi picha ilivyoingia kwenye uzi bado inabishaniwa, nayo iandike hivyo hivyo. Na mbele ya jirani anayesali kanisa la Minara Miwili, usivuke hapo: umepima kitambaa, hukumpima Yesu.