Kugeuza mayai ya inkubeta kila saa kwa mota ya volti 12

Jirani yangu hapa Kahawa West alikuwa na inkubeta ya mbao isiyo na kigeuzio, na saketi tuliyoifunga ndiyo hii. Mayai ya kuku huchukua siku 21 kuanguliwa, na mpaka siku ya 18 yanatakiwa kugeuzwa mara kwa mara, kiinitete kisije kikagandana na utando wa gamba. Mota za kugeuzia zinazotegemea stima ya nyumba husimama stima ikipotea, na Nairobi tunajua inavyopotea, kwa hiyo hapa tunatumia betri ya volti 12. Trei ya roli sitaieleza. Fundi yeyote wa jua kali atakuundia.

Hatua ya 1: Vifaa

Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, utapata vyote: chipu za CD4060 (ya kuhesabu mipigo) na NE555 (ya kupima muda, naiita 555 tu), transista BC547, relei ya volti 12, dayodi 1N4007 tatu na 1N4148 moja, bodi ya matundu, soketi za chipu, rezista na kapasita. Soma maandishi yaliyo juu ya chipu kabla ya kulipa. Ukipewa 74HC4060 na kuambiwa "ni ile ile tu", irudishe. Hiyo haivuki volti 6. Ukiipa 12 inaungua.

Mota iwe ya gia, ya mizunguko michache kwa dakika. Ya waipa ya gari kutoka Grogan, kwa wauza vipuri, ina nguvu kupita kiasi, na makeke yake utayaona hatua ya 6.

Hatua ya 2: Kuhesabu saa

Wengi hukimbilia 555 peke yake. Kwa sekunde ni nzuri, kwa saa nzima siikubali. Ungehitaji kapasita ya mikrofaradi 1000 na rezista ya mega-omu 3.3, na rezista hiyo hupitisha mikroampea chache mno, huku kapasita ya elektroliti ikiweza kuvuja zaidi ya hizo. Ni kujaza mtungi uliotoboka.

CD4060 huhesabu mipigo mifupi. Mpigo mmoja ni takriban 2.3 × R × C (R ni rezista ya mguu wa 10, C ni kapasita ya mguu wa 9), na mguu wa 3 hukamilisha mzunguko baada ya mipigo 16,384. Kwa saa moja, funga hivi: kapasita ya plastiki ya mikrofaradi 0.22 mguu wa 9. Rezista ya kilo-omu 390 ikifuatana na ya kurekebishwa ya kilo-omu 100 mguu wa 10. Rezista ya mega-omu 2.2 mguu wa 11. Ncha za pili za zote tatu zikutane mahali pamoja. Mguu wa 16 chanya, wa 8 hasi. Mguu wa 12 uende hasi kupitia kilo-omu 100, na chanya kupitia mikrofaradi 0.1, ili hesabu ianze sifuri ukiwasha.

Weka taa ya LED mguu wa 7 kupitia kilo-omu 4.7. Zungusha rezista ya kurekebishwa mpaka mimweko 10 ichukue sekunde 35. Hapo saa imekaa.

Hatua ya 3: Sekunde za mota

Hapa sasa 555 inafaa. Mguu wa 3 wa 4060 uingie mguu wa 2 wa 555 kupitia kapasita ya nanofaradi 10. Mguu huo wa 2 uvutwe chanya kwa kilo-omu 10, pamoja na 1N4148 yenye mstari upande wa chanya. Unganisha miguu ya 6 na 7, kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda hasi, kilo-omu 47 ikifuatana na ya kurekebishwa ya kilo-omu 220 kwenda chanya. Miguu ya 4 na 8 chanya, wa 1 hasi. Muda ni 1.1 × R × C, yaani sekunde 5 hadi 29 hivi.

Hatua ya 4: Relei

Mguu wa 3 wa 555 uende beisi ya BC547 kupitia kilo-omu 1, emita hasi, na koleta ivute koili ya relei ambayo ncha yake ya pili iko chanya. Dayodi 1N4007 kwenye koili, mstari upande wa chanya.

Hatua ya 5: Kujaribu

Usikae kungoja saa nzima. Hamisha waya kutoka mguu wa 3 wa 4060 hadi wa 14, relei italia kila sekunde 56.

Hatua ya 6: Mota inapoingia

Hapa ndipo usiku wetu ulipoishia. Ukiweka taa mahali pa mota, mambo yote yanakwenda sawa. Ukifunga mota, inazunguka, inasimama, inaanza tena yenyewe, au saa inaruka mbele. Utashawishika kubadilisha chipu. Chipu ni nzima. Brashi za mota hutoa cheche, na kelele hiyo ya umeme hurudi kwenye bodi kupitia waya wa betri mpaka mguu wa 2 wa 555. Rezista kubwa za 4060 nazo huinasa kama antena.

Anza kwenye mota yenyewe: lehemu kapasita ya kauri ya mikrofaradi 0.1 kwenye vituo vyake, papo hapo, si kwenye bodi. Ongeza 1N4007 sambamba nayo, mstari upande wa chanya, kwa kuwa mota hii huzunguka upande mmoja tu.

Kisha waya. Chanya na hasi za mota zitoke kwenye betri moja kwa moja, chanya ikipita relei. Hasi ndiyo watu hupuuza: ikipitia bodi, mkondo wa mota huiyumbisha hasi ya chipu kila inapowaka. Zisokote waya hizo mbili pamoja, ziwe mbali na miguu ya 9, 10 na 11.

Bodi ipate umeme wake kupitia 1N4007 ya tatu, ikifuatwa na kapasita ya mikrofaradi 470. Mota ikivuta betri chini, bodi inabaki na akiba yake. Halafu mikrofaradi 0.1 kwa kila chipu, karibu kabisa na miguu: 8 na 16 kwa 4060, 1 na 8 kwa 555. Mguu wa 5 wa 555 upewe nanofaradi 10 kwenda hasi.

Haya yote fanya kwa kulehemu kwenye ile bodi ya matundu. Bredibodi, ile ya kuchomeka bila kulehemu, naipenda kwa hatua ya 2 na ya 3, lakini ikiwa na mota itakupotezea muda. Jaribu tena kwa mguu wa 14, na ikienda bila kuruka kwa saa nzima, rudisha waya mguu wa 3. Mgeuko wa kwanza utakuja saa moja baada ya kuwasha.

Swichi iweke kwenye waya wa mota. Siku ya 18 unaizima, unaondoa roli, na bodi unaiacha ihesabu.