Somo: kununua gari iliyotumika mtandaoni bila muuzaji kukuzungusha

Wadau, siku hizi watu wengi hapa Nairobi wananunua gari kwa simu, unaona Toyota Fielder imepigwa picha safi, unatuma pesa ya kuizuia, halafu yule aliyekuwa anakuita bosi kila saa ghafla simu ni mteja, hapatikani. Inauma sana. Fanya hivi.

1. Mpime muuzaji kabla hujatuma hata shilingi. Muulize kwa maandishi: namba ya chesisi ni gani, logbuku (hati ya umiliki wa gari) iko kwa jina la nani, na fundi wangu akiikataa dipoziti inarudi? Kama kila swali anajibu tu "njoo uone bosi" achana naye, huyo ukishalipa ndio hutampata kabisa.

2. Ingia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, upande wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), ulipie rekodi za hiyo gari. Jina likiwa tofauti na la anayeuza, alete karatasi ya mwenye gari inayomruhusu kuuza.

3. Nenda na fundi wako, sio wake. Ukifika weka mkono juu ya boneti, ikiwa na moto jua imewashwa mapema, gari inayosumbua kuwaka asubuhi hufichwa hivyo.

4. Dipoziti, na hapa ndio watu wanaumia. Andikeni makubaliano, hata ukurasa mmoja, kiasi, chesisi, na pesa itarudishwa kwa siku ngapi mkikosana, halafu lipa kwa akaunti yenye jina la yadi inayouza gari, usitume kwa simu ya broka hata akikuambia kuna mteja mwingine yuko njiani. Huyo mteja yuko njiani kila siku.

5. Siku ya kumaliza malipo kaeni pamoja, yeye aanzishe kuhamisha umiliki kwa eCitizen yake, wewe ukubali kwa yako.

MASWALI

Mdau wa Kasarani: Nilishatuma dipoziti, tiki za bluu naziona lakini hajibu. Nifanyeje?
Jibu: Pole sana. Wacha kupiga simu, mwandikie barua ya kudai pesa zako, mpe siku 7. Akinyamaza nenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, inasikiza madai hadi shilingi 1,000,000, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe kwa siku 60.

Mdau wa Embakasi: Yangu inatoka Japani, kila wiki naambiwa meli imechelewa.
Jibu: Itisha hati ya shehena na jina la meli, meli unaweza kuitafuta mtandaoni uone iko wapi. Usilegee, maana Kenya haikubali gari iliyopita miaka 8, na kama yako iko ukingoni ikivuka mwaka kabla ifike Mombasa utakuwa na shida kubwa.

Mdau wa Rongai: Nikianika chat zao si watarudisha haraka?
Jibu: Wengine hurudisha. Lakini sema tu unachoweza kuthibitisha, usimwite mtu mwizi, na hizo chat usizifute, hakimu atazitaka.