Namna ya kutazama majengo ya miji ya China, ya kale na ya leo

Anza na kalenda, ramani itafuata. Wiki inayoanza tarehe 1 Oktoba, siku za Mwaka Mpya wa Kichina na sikukuu ya mwanzo wa Mei, China nzima huwa safarini, na jengo ulilolifuata utaliona kwa taabu juu ya vichwa vya watu. Aprili, Septemba na nusu ya pili ya Oktoba hufaa zaidi. Kumbuka pia Jumatatu: makumbusho mengi hufungwa siku hiyo isipokuwa iwe sikukuu ya umma, na Kasri la Kifalme la Beijing, yaani Gugong, ni mojawapo.

Tiketi za Gugong huwekewa nafasi mtandaoni kwa namba ya pasipoti. Hufunguliwa siku 7 kabla, saa 2 usiku kwa saa za Beijing, ambazo ndizo saa za China nzima. Bei ni yuan 60 kuanzia Aprili hadi Oktoba, na yuan 40 miezi mingine. Siku ya kwenda beba pasipoti yenyewe, maana picha yake kwenye simu haikubaliwi. Kinachowakwamisha wageni wengi ni namba iliyokosewa tarakimu moja, au pasipoti iliyobadilishwa baada ya kuweka nafasi. Kiberiti cha gesi kiache hotelini, kwa kuwa kitachukuliwa kwenye ukaguzi. Jengo la mbao la mwaka 1420 halichezewi na moto.

Kuingia ni kwa lango la kusini, Wumen. Wengi hupitia uwanja wa Tiananmen, ambao nao una ukaguzi wake, foleni yake na nafasi yake ya kuwekwa mapema. Njia nyepesi ni kushuka kituo cha metro cha Jinyu Hutong, kutembea magharibi hadi lango la mashariki la kasri, Donghuamen, kisha kufuata handaki la maji kuelekea kusini hadi Wumen. Tenga saa nne kamili. Ukifuata mstari wa katikati peke yake utatoka baada ya saa moja na nusu huku umeona migongo ya watu. Lipa yuan 10 za nyongeza uingie upande wa kaskazini mashariki kwenye Jumba la Hazina, penye ukuta wa mazimwi tisa wa vigae vya rangi na ua tulivu wenye jukwaa la maigizo la ghorofa tatu.

Anzia kwenye paa

Katika ujenzi wa kale wa Kichina, cheo cha jengo kimewekwa juu. Vigae vya manjano vilikuwa vya mfalme. Vigae vyeusi juu ya maktaba ya Wenyuange viliwekwa kwa sababu rangi nyeusi huwakilisha maji, na adui wa vitabu ni moto. Tazama kila pembe ya paa inapoteremka: utaona msafara wa wanyama wadogo wa udongo, ukitanguliwa na mtu aliyempanda ndege. Huyo mtu usimhesabu, hesabu wanyama tu. Ukumbi wa Taihedian una 10, na hakuna mwingine wenye idadi hiyo. Qianqinggong, alikolala mfalme, una 9, na Kunninggong wa malkia una 7. Ukishaizoea hesabu hii, unaweza kusimama mbele ya hekalu lolote ukakisia nafasi yake kabla ya kusoma kibao. Wanyama hao wana kazi pia, kwa kuwa hufunika misumari iliyozuia vigae vya ukingo visiteleze.

Chini ya upenu kuna dougong, vipande vya mbao vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine kati ya nguzo na paa. Hugawanya uzito wa vigae na kusogeza upenu mbali na ukuta ili mvua isioze mbao. Kuta za majengo haya hazibebi paa; uzito wote uko kwenye nguzo. Ndiyo maana paa laweza kuwa zito namna ile na bado sehemu ya mbele ikawa milango mitupu.

Ukitoka lango la kaskazini, vuka barabara upande kilima cha Jingshan, kiingilio kwa kawaida yuan 2. Kilima hicho kilirundikwa kwa udongo uliochimbwa kwenye handaki la kasri. Kutoka juu unaona mstari wa kati wa Beijing, wenye urefu wa kilomita 7.8, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Panda alasiri, jua likiwa magharibi, vigae vikiwaka.

Kale kweli, au kale iliyojengwa upya?

Swali hili ndilo linalowachanganya wageni, na linastahili uangalifu. Mbao huoza na kuungua, kwa hiyo kujenga upya ni sehemu ya utamaduni wenyewe. Taihedian unayoiona ilijengwa upya mwaka 1695. Ukumbi wa duara wa Hekalu la Mbinguni uliungua kwa radi mwaka 1889, ukarudishwa na nguzo zake 28: nne za kati, kumi na mbili za mzunguko wa ndani, na kumi na mbili za nje. Majengo hayo yalirudishwa kwa mbao na kwa ufundi uleule, nayo tunayahesabu kuwa ya kale bila wasiwasi.

Kundi la pili ni la zege au chuma kilichovaa sura ya mbao. Mnara wa Korongo wa Manjano mjini Wuhan, kama ulivyo leo, ulikamilika mwaka 1985, na ndani una lifti. Pagoda ya Leifeng mjini Hangzhou ilianguka mwaka 1924. Iliyopo ni ya mwaka 2002 na ina ngazi za umeme, lakini masalia ya ile ya zamani yamehifadhiwa chini yake, na hayo ndiyo ya kutazamwa kwanza. Hakuna ubaya kupanda minara hii kwa ajili ya mandhari. Ubaya ni kuipa nusu ya siku ukidhani umeona kazi ya karne nyingi.

Kuyatofautisha makundi haya mawili, inama utazame mguu wa nguzo. Nguzo ya mbao hukaa juu ya jiwe la msingi, na mahali mbao inapokutana na jiwe kuna mshono unaoonekana. Nguzo ya zege mara nyingi huzama moja kwa moja sakafuni. Kisha tazama rangi: nguzo za zamani zilifungwa nyuzi za katani na kupakwa tabaka za lipu kabla ya rangi nyekundu, na inapobanduka utaziona nyuzi hizo. Mwisho inua macho kwenye dougong. Za mbao zina mianya kati ya vipande na hakuna viwili vinavyofanana kabisa, ilhali za zege zimemiminwa pamoja na kingo zake ni zilezile mwanzo hadi mwisho. Usiguse wala usigonge, macho yanatosha.

Mwenye muda na hamu ya mbao halisi aende mkoa wa Shanxi. Ukumbi mkuu wa hekalu la Foguang ni wa mwaka 857, na pagoda ya mbao ya Yingxian ni ya 1056, mita 67. Hakuna mnara wa mjini utakaokupa kitu kama hicho.

Kuta

Ukuta wa Xi'an una mzunguko wa kilomita 13.7, kimo cha mita 12, na juu upana wake ni mita 12 hadi 14. Kodi baiskeli lango la kusini, Yongningmen. Matofali ya sakafu yana mabonde, kwa hiyo jaribu breki na pumzi ya matairi kabla ya kuondoka, na beba maji, kwani kivuli ni kidogo. Pingyao ni mdogo zaidi, ukuta wa kilomita 6, lakini mji wa ndani bado umesimama na watu wanaishi humo. Kituo cha treni ya mwendokasi, Pingyao Gucheng, kiko nje ya mji. Panga usafiri wa kukufikisha langoni. Lala ndani ya ukuta, maana umati wa mchana huondoka jioni.

Nanjing, tazama tofali mojamoja. Mengi yamepigwa chapa ya mkoa, wilaya, maofisa wasimamizi na mfyatuaji mwenyewe, ili tofali bovu lijulikane limetoka kwa nani. Lango la Zhonghuamen ni pazuri pa kuzitafuta chapa hizo, hasa mwanga wa jua unapopita kwa mshazari.

Vichochoro vya makazi

Beijing, Nanluoguxiang ni mtaa wa maduka. Upite, kisha ukate kushoto au kulia. Nyumba ya ua ya jadi huwa na lango kwenye pembe ya kusini mashariki, na nyuma yake ukuta mfupi unaomzuia mpita njia asione ndani. Humo mna watu wanaoishi, kwa hiyo tazama kutoka nje usiingie ila kwenye nyumba zilizofunguliwa kwa wageni. Kichochoro cha Ju'er Hutong kina makazi yaliyobuniwa na Wu Liangyong, ghorofa mbili hadi tatu zikizunguka ua, jibu la kisasa kwa muundo uleule wa zamani. Kwa maoni yetu linafundisha zaidi kuliko mtaa wowote wa zawadi.

Shanghai, na mwelekeo wa jua

Majengo ya mawe ya Waitan, mtaa wa kando ya mto, yanatazama mashariki, basi yapige picha asubuhi. Jengo la forodha lenye saa ni la mwaka 1927. Minara ya Pudong iliyo ng'ambo ya mto hupata mwanga alasiri. Asubuhi jua liko nyuma yake na picha zitatoka nyeusi. Vuka kwa kivuko cha kawaida cha abiria kwa yuan 2, badala ya mashua ya watalii.

Pudong, anzia daraja la duara la waenda kwa miguu karibu na kituo cha Lujiazui. Jin Mao ya mwaka 1999, mita 420.5, inapunguza upana kwa hatua kama pagoda. Jirani yake ya 2008, mita 492, ina tundu kubwa kileleni. Shanghai Tower, mita 632, imejisokota nyuzi 120 kuanzia chini hadi juu, na msokoto huo umepunguza nguvu ya upepo kwa takriban robo. Roshani yake ya ndani iko ghorofa ya 118, mita 546. Tiketi usiinunue siku kadhaa mapema. Simama chini, tazama kilele. Kikiwa kimezama kwenye ukungu, juu utaona weupe mtupu na fedha imekwenda.

Kwa ramani tumia programu ya Kichina kama Amap. Ramani nyingi za kigeni huonyesha mahali pakiwa pamehama kwa mamia ya mita, kwa sababu China hutumia mfumo wake wa majiranukta, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Hifadhi pia jina la kila jengo kwa maandishi ya Kichina, umwonyeshe dereva wa teksi.