Mfanyakazi alikuwa garini, programu inasema "hakutokea"

Somo hili ni la waratibu wa usafiri wa wafanyakazi, hasa wanaohangaika na zamu za usiku Kampala na njia ya Mukono. Wengi wetu taarifa ya "hakutokea" ikiingia kwenye programu ya usafiri tunaanza kwa kumpigia mfanyakazi. Mimi naona yeye awe wa mwisho. Kumbukumbu za safari zitangulie.

1. Usifute taarifa. Fungua maelezo ya safari uandike nyakati nne: saa iliyopangwa, gari lilipofika, dereva alipobonyeza "amepanda", na seva (kompyuta kuu ya programu) ilipopokea.

2. Linganisha nyakati mbili za mwisho. Zikiachana sana, yaelekea simu ya dereva haikuwa hewani: bando limeisha, au kiokoa betri kimeizima programu. Muda wa gari kumngoja mfanyakazi ulikwisha kabla seva haijapata habari, ikafunga safari. Kuna mifumo inayojisahihisha data ikifika, mingine haigusi tena kilichofungwa. Kwenye simu za madereva, iondoe programu hiyo katika vizuizi vya betri.

3. Tazama tarehe. Hapa ndipo penye kesi nyingi. Uganda iko saa tatu mbele ya UTC (saa za marejeo za dunia), mwaka mzima. Seva ikipanga siku kwa UTC, safari ya kati ya saa sita na saa tisa usiku huangukia jana. Mtu aliyechukuliwa Nakawa Jumanne 02:00 anaandikwa Jumatatu 23:00, kisha ripoti ya Jumanne inamkosa na kumtangaza mtoro. Dalili yake ni rahisi: asubuhi na jioni hakuna tatizo, lawama zote ni za saa hizo tatu. Chagua ukanda wa saa wa Africa/Kampala kwenye mipangilio ya kampuni, halafu kagua mipangilio ya ripoti pia, maana mara nyingi hukaa mahali pengine.

Papo hapo angalia saa zilizoingizwa kwa mkono. Mtu amesema "saa kumi na moja alfajiri", karani kaandika 11:00 badala ya 05:00. Gari likimsubiri saa tano, mwenyewe yuko kazini zamani.

4. Kagua pini ya kituo kwenye ramani, na duara linaloizunguka: gari likiingia humo, programu huhesabu limefika. Duara dogo mno halilioni gari likisimama ng'ambo ya barabara. Duara kubwa mno ni baya zaidi: gari limekwama kwenye jamu ya Jinja Road, bado halijafika stegi ya Kireka, na dakika za kungoja zimeshaanza kuhesabiwa. Sogeza pini pale watu wanaposimama kweli kabla ya kufikiria kupanua duara.

5. Sasa muulize dereva, kisha mfanyakazi. Huenda walibadilishana zamu na mwenzake, orodha ikabaki ya zamani.

Ukishapata chanzo, badilisha hali iwe "amesafiri" na uandike sababu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Jinja: Nimesahihisha, lakini kijana wangu bado amekatwa pesa. Kwa nini?

Jibu: Pole ssebo. Faili ya makato ilikuwa imeshaenda kwa watu wa mishahara, na kusahihisha kwenye programu hakuifuati huko. Waandikie, uambatanishe zile nyakati nne. Wakumbushe pia kwamba Sheria ya Ajira ya 2006 haimwachi mwajiri akate mshahara atakavyo.

Mwanachama, Entebbe: Si bora tufuatilie simu za wafanyakazi wenyewe?

Jibu: Hapana, nnyabo. Mahali alipo mtu ni taarifa binafsi, nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. GPS ya gari inatosha kwa swali hili.

Mwanachama, Mbarara: Dereva wetu huwabonyeza wote "wamepanda" akifika kazini. Anasema ni hatari kushika simu njiani.

Jibu: Kuhusu hatari yuko sahihi. Abonyeze gari likiwa limesimama kituoni, kabla ya kuondoka. Akikataa, wape abiria kadi wagonge wenyewe mlangoni, kama programu yenu inaruhusu.